Nchi Isiyo na Mwenyeji

Mtu aliyelelewa Njombe hana haja ya kufundishwa maana ya baridi. Mji wetu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ifikapo miezi ya Juni na Julai kuna alfajiri ambazo umande huganda juu ya majani. Shamba la viazi lililolala likiwa kijani huamka likiwa jeusi, kana kwamba moto umelipitia. Ukishuka kilomita 60 hivi hadi Makambako, baridi hulegea kidogo, lakini hapo unapokelewa na upepo. Abiria aliyewahi kuteremka usiku kutoka treni ya TAZARA pale stesheni anaufahamu upepo huo, wala hatausahau.

Nilifundisha jiografia kwa miaka mingi katika miji hiyo miwili, na katika mada zote iliyonipa taabu ni ile ya bara la Antaktika. Baridi yake haikuwashangaza watoto wa kwetu kama nilivyotazamia. Niliwaeleza kwamba tarehe 21 Julai 1983, katika kituo cha Vostok, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 89.2 chini ya sifuri. Wakaguna, wakavuta makoti yao ya mitumba, basi. Swali walilouliza mwaka hadi mwaka lilikuwa jingine: "Mwalimu, huko rais ni nani?" Nikijibu kwamba hakuna rais, waliuliza habari za mkuu wa wilaya. Nikisema naye hayupo, waliuliza mwenyekiti wa kijiji. Hapo ndipo waliposhindwa kuniamini, maana kwetu mahali pasipo na mwenyekiti wa kijiji ni porini, na hata pori lina mwenyewe.

Ndugu msomaji, swali hilo la watoto ndilo ninalotaka tulitafakari pamoja, kwa sababu nimeona uzeeni kwamba halihusu barafu peke yake. Linahusu kila mahali ambapo watu wengi wanadai, kila mmoja ana hoja zake, na hakuna awezaye kumshinda mwenzake bila kumwaga damu.

Tuanze na bara lenyewe. Antaktika ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo milioni 14, yaani Tanzania kama kumi na tano zikiunganishwa. Karibu yote imefunikwa na barafu ambayo unene wake, kwa wastani, ni kama kilomita mbili. Haina wenyeji. Hakuna kabila lililozaliwa huko, hakuna kaburi la babu wa mtu, hakuna lugha ya huko. Wanaoishi huko ni watafiti, mafundi, wapishi na madereva wa mitambo, elfu chache wakati wa kiangazi chao na elfu moja hivi wakati wa majira ya baridi, na kila mmoja ana tarehe ya kurudi kwao. Kila mtu huchukua sheria ya nchi yake mfukoni, kama vile mtu anavyobeba kitambulisho.

Hata hivyo, kukosa wenyeji hakukulizuia bara hilo kupata wadai. Tarehe 14 Desemba 1911 Roald Amundsen wa Norwei alifika kwenye ncha ya kusini akasimika bendera. Robert Scott wa Uingereza alifika Januari 1912, akaikuta bendera hiyo, na yeye na wenzake wanne wakafa njiani wakirudi. Kati ya mwaka 1908 na miaka ya 1940, nchi saba zilitangaza kwamba sehemu za bara hilo ni mali zao: Uingereza, New Zealand, Ufaransa, Australia, Norwei, Chile na Ajentina. Walichora mistari kutoka pwani kuelekea kwenye ncha, mfano wa mtu anayekata keki. Sisi Waafrika tunaufahamu mchezo huo. Katika Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 sisi ndio tuliokuwa keki, ingawa sisi tulikuwapo nyumbani.

Madai huzaa vituko. Mwaka 1938 na 1939 Wajerumani walituma ndege zikadondosha vyuma vyenye alama ya utawala wao juu ya barafu, ili baadaye waseme hapo ni pao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza walipeleka watu kimyakimya kujenga vituo, wakafungua na ofisi ya posta, kana kwamba kugonga mhuri wa barua ni kulima shamba. Vipande vya Uingereza, Chile na Ajentina viliangukiana, na tarehe 1 Februari 1952, katika ghuba iitwayo Hope, askari wa Ajentina walifyatua bunduki ya rashasha juu ya vichwa vya Waingereza waliokuwa wakiteremsha shehena. Kwa bahati hakuna aliyekufa. Miaka 26 baadaye, Januari 1978, katika ghuba hiyohiyo, Ajentina ilipeleka mama mjamzito akajifungua katika kituo chao cha Esperanza. Mtoto huyo, Emilio Palma, anajulikana kuwa mtu wa kwanza kuzaliwa katika bara hilo. Nilipowasimulia wanafunzi, walicheka. Mimi sikucheka sana, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuona mambo ya namna hiyo nyumbani kwetu.

Babu yangu aliacha bonde. Si kubwa, lipo upande wa barabara ya Makambako kwenda Njombe, na katikati yake kuna chemchemi isiyokauka hata Oktoba. Pembeni mwa kijito tulilima vinyungu, yaani zile bustani za bondeni za wakati wa kiangazi, mahindi mabichi, maharage na mboga. Babu alikuwa na wana watatu na mabinti wawili, na kwa desturi aliyoikuta hakuona haja ya kusema bonde ni la nani. Wakati huo ardhi haikuwa na bei. Baadaye miti ikawa na bei. Watu kutoka mbali walianza kutafuta mashamba ya misindano na milingoti, na baada ya miti yakaja maparachichi. Ghafla bonde lile ambalo hakuna aliyelitazama mara mbili likawa na wenyewe watatu.

Binamu yangu mmoja, mtoto wa baba mkubwa, alipanda milingoti usiku ili ionekane kwamba yeye ndiye mwenye kulitunza. Mwingine aliing'oa kabla ya jua kupanda. Aliyefuata alijenga kibanda akamweka humo kijana wa kazi, asiyekuwa na kazi yoyote isipokuwa kuonekana. Siku moja mapanga yalinyanyuliwa, maneno yasiyofutika yakasemwa, na Mungu akasaidia hakuna aliyeumia. Tukio hilo ndilo ghuba yetu ya Hope.

Sasa tazama walichofanya wale wakubwa wa dunia. Mwaka wa utafiti wa kimataifa wa 1957 na 1958 uliwakutanisha wanasayansi wa nchi 12 kwenye barafu, na wakaona kazi inakwenda bila kuulizana mipaka. Tarehe 1 Desemba 1959, mjini Washington, nchi hizo 12 zilitia saini Mkataba wa Antaktika: wale wadai saba, pamoja na Marekani, Urusi ya Kisovieti, Ubelgiji, Japani na Afrika Kusini. Moyo wa mkataba huo ni kifungu cha nne. Hakikumpa yeyote ushindi, wala hakikumnyang'anya yeyote. Kinasema kwamba anayedai hajaacha dai lake, asiyelitambua dai hilo hajalazimika kulitambua, na lolote litakalofanywa na mtu huko wakati mkataba unadumu halitakuwa ushahidi wa kuongeza wala kupunguza dai. Kwa lugha ya kwetu, walikubali kesi ilale. Bendera ziliendelea kupepea, lakini zilikwisha kuvuliwa meno. Hata yule mtoto wa Esperanza, pamoja na cheti chake cha kuzaliwa, hakuongeza kitu kwenye dai la nchi yake.

Kwa sababu kesi ililala, mengine yaliwezekana. Bara lote lilitengwa kwa shughuli za amani. Milipuko ya nyuklia na utupaji wa taka zake ulipigwa marufuku, na hilo lilikubaliwa na Marekani na Urusi katika miaka ile ambayo hawakukubaliana hata juu ya saa. Aidha, kila nchi yenye kauli katika mkataba ilipewa haki ya kutuma wakaguzi kwenye kituo chochote cha mwenzake, wakati wowote. Mwaka 1991 mjini Madrid waliongeza itifaki inayokataza uchimbaji wa madini, isipokuwa utafiti wa kisayansi, nayo ilianza kutumika mwaka 1998. Walifika hata kwenye mbwa. Wanyama wale waliovuta magari ya theluji tangu enzi za Amundsen walitakiwa kuondolewa kwa kuwa si wa huko, na wa mwisho waliondoka mwaka 1994.

Mwaka 2011, baada ya lile jambo la mapanga, baba mdogo, aliyekuwa amebaki peke yake katika wana wa babu, alituita nyumbani kwake. Hakuwahi kusikia habari za mkataba wowote wa barafu. Alisoma hadi darasa la nne. Alitusikiliza kutwa nzima, kisha akasema: "Nikiwaamua, mmoja atashinda na wawili wataua. Sitaamua." Alichosema baadaye nilikiandika mimi, kwa kuwa ndimi mwalimu. Hakuna atakayeacha dai lake. Hakuna atakayepanda mti, kujenga wala kuuza. Atakayepanda, mti wake hautakuwa shahidi. Maji ni ya wote. Yeyote wa ukoo anaweza kwenda bondeni kuangalia bila kubisha hodi kwa mtu. Na kila mwaka, baada ya kuvuna mahindi, tutakaa.

Nilipokuwa nikiandika, kalamu ilinitetemeka kidogo, maana niliona kwamba mzee wa darasa la nne alikuwa ananiamlisha kifungu cha nne.

Lakini nisije nikamfanya msomaji aamini kwamba jambo lilikwisha kwa uzuri. Siku hiyohiyo shangazi, dada mkubwa wa baba mdogo, aliyekuwa amekaa karibu na mlango na ungo wake wa maharage, aliuliza: "Mmelaza kesi ya wanaume. Anayechota maji ni nani?" Tukanyamaza. Yeye na mdogo wake walichota maji pale tangu utoto. Wake wa majirani wa chini ya bonde, ambao si wa ukoo wetu, nao walitegemea kijito kilekile. Katika karatasi yangu hapakuwa na jina la mwanamke hata mmoja.

Swali la shangazi limenifanya nisome tena ule mkataba wa wakubwa kwa jicho jingine. Nchi zile 12 hazikuchaguliwa na dunia, zilijikuta huko. Mkataba ulianza kufanya kazi tarehe 23 Juni 1961. Tanganyika ilipata Uhuru wake tarehe 9 Desemba mwaka huohuo. Tulichelewa chini ya miezi sita, naam, lakini hata kama tungewahi tusingeingia, kwa sababu kauli ya kuamua hupewa nchi iliyoonyesha kazi kubwa ya utafiti huko, kama vile kujenga kituo au kutuma msafara. Kuwapo ndiko kunakozaa kauli, na kuwapo huko kunataka meli za kuvunja barafu, ndege, mafuta na fedha nyingi. Yule kijana wa kibandani mwa binamu yangu angeelewa mara moja.

Nchi maskini hazikukubali jambo hilo kimya. Mwaka 1982 waziri mkuu wa Malaysia, Mahathir Mohamad, alisimama katika Umoja wa Mataifa akadai kwamba Antaktika ni ya wanadamu wote, na kuanzia 1983 suala hilo likaingizwa katika ajenda ya Baraza Kuu. Nchi za Kiafrika zilikuwa na uchungu wa ziada: katika bara zima la Afrika, mwakilishi pekee katika kikao kile alikuwa utawala wa makaburu. Baraza Kuu lilidai utawala huo uondolewe, lakini wenye mkataba hawakuutoa. Hadi leo, wakati nchi zaidi ya 50 zimejiunga na mkataba, zenye kauli ya kuamua ni 29, na Afrika inawakilishwa na Afrika Kusini, ambayo tangu 1994 ni nchi ya kidemokrasia. Tanzania haimo.

Mtu anaweza kuuliza: na tuwemo kwa nini? Sisi wa Njombe tuna baridi yetu, inatutosha. Nitajibu kwa njia ya maji, kama shangazi. Barafu ya Antaktika ni takriban asilimia 90 ya barafu yote ya dunia. Ingeyeyuka yote, bahari ingepanda karibu mita 60. Hakuna mwanasayansi anayesema hilo litatokea katika maisha yetu, lakini sehemu ndogo tu inatosha kuwafikia ndugu zetu wa Dar es Salaam, wa delta ya Rufiji na wa Unguja. Wao ndio majirani wa chini ya bonde. Barafu ile haina mwenyeji, lakini maji yake yana wenyeji wengi.

Nao mkono wetu umekwisha kufika huko bila meli. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walitangaza kwamba juu ya Antaktika tabaka la ozoni, linalotukinga na miale mikali ya jua, lilikuwa linatoboka kila mwaka, na sababu yake ilikuwa gesi za kwenye majokofu na makopo ya marashi ya kupuliza. Mwaka 1987 dunia ilikubaliana huko Montreal kuziondoa gesi hizo, na Tanzania ikajiunga na itifaki hiyo mwaka 1993. Leo fundi wa majokofu wa Makambako, anayefanya kazi katika banda lake karibu na njia panda, ana sheria inayomwambia gesi gani asitumie kwa ajili ya anga la bara ambalo hataliona. Tundu lile limeanza kupona polepole. Kumbe mtu anaweza kuwa na wajibu mahali asipokuwa na kauli. Hilo si haki, lakini ni kweli.

Kwetu sisi, swali la shangazi lilipata msaada wa sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe saba, na wasiopungua watatu wawe wanawake. Tena inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi kwa sababu tu ni mwanamke. Mwaka uliofuata shangazi alikuja kikaoni bila ungo. Alikuja na mdogo wake na mama mmoja wa chini ya bonde. Wanaume wawili walitoka nje kwa hasira, wakarudi wakati wa chakula. Tuliongeza mstari mmoja: mwenye kutumia maji ana neno juu ya maji, hata kama hana dai juu ya udongo. Mstari huo, kwa maoni yangu, unakosekana kwenye mkataba wa wakubwa.

Sasa nifike mahali panaponiuma. Husemwa mara nyingi kwamba marufuku ya kuchimba madini Antaktika itakwisha mwaka 2048. Si kweli. Itifaki haina mwisho. Kinachotokea ni kwamba, ikitimiza miaka 50 tangu ilipoanza kutumika, nchi yoyote yenye kauli inaweza kuitisha mkutano wa kuipitia upya, na masharti ya kuifungua ni magumu. Lakini uvumi huo una ukweli wake ndani. Kila makubaliano ya kulaza kesi hufika kwa kizazi ambacho hakikuona mapanga. Kizazi hicho huona bonde tupu, kikauliza kwa nini liko tupu.

Mwanangu wa pili ameuliza. Anatafuta mtaji wa duka Makambako, na amepata mtu anayetaka kupanda maparachichi, aliye tayari kulipa. Aliniambia kwa adabu: "Baba, dai lisiloweza kuuzwa ni dai gani?" Nilimweleza yote niliyoyaeleza hapa. Alisikiliza, kisha akasema kwamba barafu haina watoto wa kusomesha. Sikuwa na jibu la haraka, kwa kuwa watoto wake ni wajukuu wangu, na ada zao nazijua.

Jibu nililonalo ni hili, na sijui kama litamtosha. Bonde lile si tupu. Lina maji, na maji yapo kwa sababu kwa miaka yote hii hakuna aliyeshinda. Baba mdogo amekwisha kufariki, shangazi haoni vizuri, na karatasi niliyoiandika imeanza kuchakaa kwenye mikunjo. Kinacholilinda bonde hivi sasa ni kule kukaa kila mwaka, watu wenye madai yanayopingana wakila ugali katika sinia moja. Kikao cha mwaka huu nimemtuma yeye aende kwa niaba yangu. Nimemwambia aseme yote aliyoniambia mimi, tena mbele ya shangazi, ila kwanza apitie kwenye chemchemi amchotee ndoo yake.